Farasi wa Shujaa Osbern Alikufaje?

Jumatatu, 3 Juni

Kosa la watu wengi wanaotaka kusoma tenzi za kale ni kuanza na kamusi. Wanaukaribia ubeti kama fundi anayekaribia saa mbovu, na bisibisi mkononi. Si hivyo! Kiingereza cha miaka mia sita iliyopita ni cha mdomo kwanza. Fumba kamusi, fumbua kinywa. Kila mstari una sauti moja inayopigwa mara tatu, kama nyundo juu ya fuawe. Soma kwa nguvu, hata majirani wakifunga madirisha. Maana itakufuata yenyewe.

Haya ndiyo niliyomweleza Beryl, mke wangu, wakati wa kifungua kinywa. Beryl akasema nimpitishie siagi.

Habari kubwa! Bi Dorothea amehamia Wales kwa dada yake. Magoti yamegoma. Tunamwombea heri. Lakini ni Dorothea aliyekuwa akisoma Sehemu ya Nne ya Utenzi wa Kengele kanisani kila mwaka, Jumapili ya kabla ya katikati ya kiangazi, mbele ya mji mzima wa Aldersford. Tangu nistaafu kufundisha jiografia nimengoja magoti hayo miaka kumi na moja. (Futa. Hilo si la kuandika.)

Nimempigia simu binti yetu Philippa, kule Leeds. Nikamwambia nimechaguliwa. Sijachaguliwa bado, lakini nani mwingine? Philippa akapiga kelele za furaha, akasema watakuja wote, na mjukuu wetu Imogen atakaa benchi la mbele amwone babu yake. Imogen ana miaka saba na anaamini mimi najua kila kitu. Napenda iendelee hivyo.

Beryl ameuliza nimechaguliwa na nani. Nikasema na mantiki.

Jumanne, 4 Juni

Shajara ni mahali pa ukweli, kwa hiyo niandike.

Duara letu la wasomaji hukutana kila Alhamisi saa tisa alasiri, katika ukumbi wa kanisa. Watu wanane, meza moja. Mwenyekiti ni Daktari Hester Lovibond, miaka themanini na minne, aliyefundisha tenzi hizi chuoni hadi wanafunzi wakaanza kumwogopa hata ndotoni. Sheria yake ni moja. Tunazunguka meza. Kila mtu anasoma ubeti mmoja kwa lugha ya asili ya utenzi, kisha anaueleza kwa maneno ya leo, bila karatasi. Ukikutwa na tafsiri chini ya meza, unaosha vikombe mwezi mzima.

Sasa, watu wanane. Mimi nakaa kiti cha tano. Kwa hiyo ubeti wangu ni wa tano, kisha wa kumi na tatu, kisha wa ishirini na mmoja. Hesabu ya darasa la tatu! Jumatano jioni nauchambua ubeti wangu hadi unang'aa. Alhamisi nausoma kama mtu aliyeuandika. Wengine wakisoma, mimi huangalia dirishani kwa uso wa tafakuri. Daktari Lovibond aliwahi kusema nina utulivu wa kisomi.

Nimeumaliza Utenzi wa Kengele mara tatu kwa njia hii. Yaani, nimesoma sehemu moja ya nane, mara tatu. Najua kwamba jitu liliiba kengele ya kanisa. Najua Shujaa Osbern aliondoka na farasi wake wa kijivu, anayezungumza, kwenda kuifuata. Najua alirudi nayo. Katikati kuna mashimo kiasi. Kwa mfano, katika Sehemu ya Pili farasi anazungumza sana. Katika Sehemu ya Nne hazungumzi kabisa. Nadhani amechoka.

Alhamisi, 6 Juni

Daktari Lovibond ametangaza. Nafasi ya Dorothea itaamuliwa Alhamisi ijayo. Tutazunguka meza na Sehemu ya Nne, beti zote ishirini, naye atasikiliza akiwa amefumba macho. Wanaotaka nafasi wainue mkono.

Nikainua. Nikatazama huku na huku kwa upole wa mshindi.

Winifred Tranter naye akainua!

Lazima nieleze kuhusu Winifred. Aliendesha basi la Aldersford miaka thelathini. Amejiunga nasi juzi tu, miaka miwili. Hana kamusi, hana kalamu, analeta kitabu chake ndani ya mfuko wa viazi. Bibi yake alikuwa mfugaji wa kondoo huko juu milimani, na Winifred anadai nusu ya maneno ya utenzi huu bibi yake aliyatumia kila siku akiwatukana mbwa. Anasoma kama anatangaza kituo kinachofuata. Haieleweki kwa nini watu hunyamaza anaposoma.

Baada ya chai akanipiga bega, akasema, haya mwalimu, tukutane uwanjani, na nisimhurumie kwa kuwa yeye ni mwanamke. Nikamwambia sitamhurumia. Akacheka hadi akashika meza. Mtu asiye na wasiwasi kabla ya mashindano si mtu wa kuaminika.

Jumatano, 12 Juni

Maandalizi yamekamilika. Nina furaha hadi nimejikata nikinyoa.

Kwanza, beti zangu. Wa tano na wa kumi na tatu. Nimezihifadhi kwa kichwa! Katika wa tano Osbern amesimama ukingoni mwa mto, anamwita farasi wake kwa jina mara tatu, anatazama maji. Nimeufanyia mazoezi bafuni. Mwito wa tatu unatoa mwangwi safi kabisa. Beryl aligonga mlango akauliza kama nimeanguka.

Pili, idadi. Lazima tuwe wanane, si saba. Cuthbert Maddox, daktari wa mifugo mstaafu, anayekaa kiti cha tatu, ana mgongo unaomsumbua na hukosa mara kwa mara. Nimempigia simu. Nitamfuata kwa gari. Nitamletea mto wa kuegemea. Akauliza kwa sauti ya mashaka nimepatwa na nini. Nikasema upendo wa jirani.

Tatu, Winifred. Sitaki ubaya. Nataka tu asisome vizuri. Nimeoka vipande vya shayiri kwa siagi na asali, na nimeviacha kwenye oveni dakika ishirini zaidi ya inavyotakiwa. Vinavutia machoni. Mdomoni ni lami. Mtu akitafuna kimoja kabla ya kusoma, sauti ya kwanza itatoka Jumapili. Winifred hakatai chakula. Nimemwonjesha Beryl. Ametoka nje na hajasema neno mpaka sasa, dakika ya nane.

Alhamisi, 13 Juni

Sijui nianzie wapi.

Nilianza vizuri. Viti vinane. Watu wanane. Cuthbert juu ya mto wake kama sultani. Nikapitisha sahani. Nikaiweka makusudi mbele ya Winifred. Akasema asante mwalimu, lakini yeye hali kitu kabla ya kusoma, bibi yake alimkataza. Akaisukuma sahani. Ikateleza mezani hadi kwa Cuthbert.

Cuthbert akachukua viwili.

Daktari Lovibond akafumba macho. Kiti cha kwanza kikasoma. Cha pili kikasoma. Cuthbert akafungua mdomo, na meno yake ya bandia ya juu hayakumfuata. Yalibaki ndani ya shayiri. Akatoa sauti ambayo hata katika tenzi za kale haimo. Akaashiria kwa mkono: nipiteni, nipiteni!

Nikasema moyoni, maskini Cuthbert. Sikusema moyoni, Neville, hesabu upya. Hilo ndilo kosa langu la pekee.

Kiti cha nne kikasoma. Ikaja zamu yangu. Nikasimama. Hakuna anayesimama katika duara letu, lakini nilisimama. Kitabu nimekishika kwa mapambo tu. Nikautoa ubeti wa tano kwa sauti iliyotikisa vijiko. Mwito wa kwanza! Wa pili! Wa tatu niliupaza kwa shangwe, mkono juu, kama refa anayeonyesha goli.

Jirani yangu wa kiti cha sita, ambaye ndiye Winifred, akainamia kitabu. Akasoma ubeti wa nne, ule nilioruka. Taratibu, kama mtu anayefunga lango ambalo mwenzake ameliacha wazi. Kisha akasema, mwalimu wetu leo ana haraka, amepita kituo.

Hapo bado ningepona. Lakini Daktari Lovibond, macho yamefumbwa, akaniomba nieleze ubeti wangu kwa maneno ya leo. Nikaeleza. Nikasema Osbern anamwita farasi wake, farasi anakuja mbio, Osbern anampanda, wanaondoka kwa furaha kuelekea pangoni.

Daktari Lovibond akafumbua macho.

Cuthbert, ambaye wakati huo alikuwa amepata meno yake, akaniambia farasi huyo amekufa. Amekufa tangu Sehemu ya Tatu. Tuliisoma wiki tatu zilizopita na yeye alilia, yeye aliyewahi kuzika farasi mia mbili.

Daktari Lovibond akaniuliza kwa upole, na upole wake ndio mbaya zaidi, kama ninakumbuka farasi alikufaje.

Nikasema: uzee.

Winifred atasoma kanisani. Mimi naosha vikombe. Sikukutwa na tafsiri yoyote, nikalalamika. Daktari akasema ndiyo, na hilo ndilo linalomsikitisha: hata tafsiri sikuisoma.

Bado sijampigia Philippa.

Ijumaa, 14 Juni

Mvua. Nimekaa kibandani nikijifanya napanga vyungu vya maua. Beryl aliniletea chai. Akasema niwaambie tu ukweli watoto. Nikasema natafuta maneno. Akasema maneno ni mawili, "nimekosa nafasi". Nikamwambia hayo mawili ndani yake yana mengi. Hata sijui nilimaanisha nini.

Saa nne, hodi! Winifred, na koti la mvua la kazi yake ya zamani. Nikadhani amekuja kunicheka. Hapana. Amekuja na jambo.

Kila mwaka, msomaji anapofika ubeti wa ishirini, ule wa mwisho, mtu mmoja mnarani huvuta kamba na kengele halisi ya kanisa inalia mara moja. Mara moja tu, kwenye mstari wa kwanza. Huyo mvutaji alikuwa mume wa Dorothea, naye yuko Wales na magoti ya mkewe. Winifred anataka mimi nivute.

Nikauliza kwa nini mimi. Akasema aliniona jana nikisimama. Miaka thelathini aliendesha basi, na hajaona abiria aliyetaka kufika mahali kwa nguvu namna ile bila kujua njia. Lakini ana sharti. Niende jikoni kwake, anisomee utenzi wote, mwanzo hadi mwisho. Sehemu tatu Jumanne, ya nne Jumamosi. Anayevuta kengele lazima ajue inamlilia nani.

Nikakubali papo hapo. Nikampigia Philippa. Nikamwambia nimepandishwa cheo: wasomaji ni wengi, lakini kengele ni moja. Imogen akasikika nyuma akishangilia kwamba babu atavuta kengele. Tumeokoka!

Jumanne, 18 Juni

Jikoni kwa Winifred. Paka wawili, sufuria ya supu ya mbaazi, dirisha linalotazama mlima. Alisoma akikoroga. Hakunieleza neno hata moja. Nilipouliza maana alinielekeza kijiko: sikiliza.

Nikasikiliza. Kwanza nilikuwa nahesabu beti, mazoea. Kisha nikaacha bila kujua.

Sasa najua. Mto ulikuwa umefurika na Osbern amevaa chuma kizito. Farasi akamwambia, wewe ukiogelea utazama, mimi nikikubeba nitazama, na kati yetu wawili ni wewe uliyeahidi. Akambeba. Ukingo wa pili Osbern akatambaa nje, akageuka, na maji yalikuwa yamefungana juu ya farasi. Ndiyo maana anaita mara tatu. Ndiyo maana anatazama maji. Na mimi niliupaza mwito ule kama goli!

Nililia ndani ya supu. Winifred akaendelea kukoroga, akasema kila mtu hulia hapo, bibi yake alilia, na bibi yake hakulia hata alipozaa.

Nilitembea hadi nyumbani kwenye mvua nikiwa nimesahau gari kwake. Miaka kumi na moja nimekaa mezani pa karamu nikila kila sahani ya nane! Nimeapa. Hakuna tena kuhesabu. Kuanzia leo ni ubeti kwa ubeti, kwa mdomo, kwa masikio. Beryl ni shahidi. Beryl amesema ataandika tarehe.

Jumamosi, 22 Juni

Philippa na familia wamefika. Nyumba imejaa viatu. Imogen amegundua jambo la hatari: katika usomaji wetu wa kanisani, msikilizaji akiupenda ubeti anagonga benchi, na msomaji lazima aurudie. Desturi ya zamani sana. Watu wazima hugonga mara moja kwa jioni, kwa adabu. Imogen amekuwa akifanya mazoezi kwenye meza yetu tangu chakula cha mchana.

Nilitakiwa kwenda kwa Winifred saa kumi, kusikia Sehemu ya Nne. Nilikuwa tayari, koti nimevaa. Kisha nikapata wazo zuri mno!

Mnarani huoni kitu. Kuna mlango mnene, sauti inafika kama kutoka kisimani. Hata ukijua utenzi, utafuataje? Unahitaji utaratibu. Beti ni ishirini. Maharage makavu ishirini, mfuko wa kulia. Kati ya ubeti na ubeti msomaji hunyamaza kidogo. Kila kimya, harage moja kwenda mfuko wa kushoto. Likihamia la kumi na tisa, vuta! Hii si kuhesabu kule nilikoapa kuacha. Kule kulikuwa kuhesabu watu. Haya ni maharage.

Nimemtumia Winifred ujumbe kwamba wageni wamenizuia. Akajibu sawa mwalimu, tutaonana kituoni.

Jioni nzima nimecheza karata na Imogen. Ameshinda mara sita. Anagonga kila akishinda.

Jumapili, 23 Juni

Kanisa limejaa hadi mlangoni. Jua la jioni kwenye vioo. Cuthbert na meno mapya. Daktari Lovibond kwenye kiti chake cha magurudumu, blanketi magotini, kama jaji wa mbinguni. Nikambusu Imogen, nikapanda mnarani kwa hatua za kishujaa, nikashika kamba.

Sehemu tatu za kwanza zilisomwa na wengine. Kisha sauti ya Winifred. Kupitia mlango ule haikuwa maneno, ilikuwa mngurumo, kama basi linapanda mlima. Kimya. Harage. Kimya. Harage. Sikuwa na wasiwasi hata chembe. Nilikuwa nafikiria nitakavyoinama wakipiga makofi.

Nikasikia kishindo fulani mara moja. Nikadhani ni mlango. Baadaye tena. Na tena.

Harage la kumi na tisa likaingia mfuko wa kushoto. Nikavuta kwa nguvu zangu zote za miaka sabini na moja.

Mlio mmoja, mzito, mtamu! Aldersford yote ikatetemeka. Kisha badala ya machozi nikasikia kicheko. Kanisa zima!

Nikafungua mlango kidogo. Imogen alikuwa amesimama juu ya benchi, ngumi hewani. Alikuwa amegonga mara tatu. Beti tatu zilirudiwa. Kwa hiyo Winifred hakuwa kwenye ubeti wa ishirini. Alikuwa kwenye wa kumi na saba, pale Osbern, pekupeku, kengele kifuani imefungwa kwa shuka lake isitoe sauti, ananyata juu ya kifua cha jitu lililolala.

Na mimi nimeipiga kengele sikioni mwa jitu!

Winifred hakutikisika. Aliinua kiganja, kicheko kikashuka. Kisha akaongeza mistari miwili ambayo haimo katika kitabu chochote, kwa lugha ileile ya miaka mia sita, nyundo tatu kila mstari: jitu likakoroma, likakuna sikio, likasema ni mbu tu, likageukia upande wa pili. Kanisa likapasuka. Daktari Lovibond, niliona kwa macho yangu, alilipiga benchi kwa fimbo yake. Arudie! Akarudia.

Kisha akaendelea. Osbern akapita pale mtoni. Na ubeti wa ishirini ulipofika, hapakuwa na kengele. Winifred alinyamaza tu mahali ambapo ingelia, akatazama mlango wa mnara, akangoja. Nikatazama mifuko yangu. Nikaacha maharage yote yadondoke. Nikakisikiliza kile kimya, nikamkumbuka yule wa kijivu katika maji, nikavuta. Taratibu.

Hakuna aliyecheka. Cuthbert alitoa leso kubwa kama shuka.

Nje, Philippa alinikumbatia, akasema hakujua baba yake ni mchekeshaji. Imogen aliuliza kama ile ya jitu tuliipanga na Bi Winifred. Nilimtazama Winifred. Winifred akanitazama. Akamwambia Imogen kwamba mwalimu hapendi kufichua siri za kazi.

Siku bora ya maisha yangu!

Jumatatu, 24 Juni

Wageni wameondoka. Nyumba kimya. Beryl anatafuta viatu vyake chini ya vitu.

Asubuhi Winifred alipita kuniletea bahasha. Ndani maharage ishirini, yameoshwa. Ameyaokota mnarani. Akasema ni ya supu, na kwamba ule mlio wa pili ulikuwa sawasawa kabisa, nimeujua wapi? Nikasema niliusikiliza. Akasema basi ndiyo hivyo, mwalimu, ndiyo hivyo tu. Nikasema nimeelewa. Na nilielewa, kwa dhati, hadi alipofika getini.

Kwa sababu hapo getini aligeuka akanipa habari. Septemba duara linaanza utenzi mpya. Mrefu. Beti mia nne. Na Daktari Lovibond amekubali mwanachama mpya: Beryl, anayesema anataka kujua huwa tunafanya nini huko. Beryl! Tutakuwa tisa.

Tisa ndani ya mia nne ni arobaini na nne na kidogo. Beti arobaini na nne tu, na nina kiangazi chote cha kuziandaa! Lakini inategemea Beryl atakaa wapi. Akikaa kushoto kwangu, nasogea mmoja. Na ukumbi uko wazi hadi saa sita.

La kufanya leo: nenda ukahesabu viti.